Kutoka Filamu hadi Jokofu la Damu

Filamu ya Blade Runner ilipotoka mwaka 1982, mkasa wake uliwekwa Los Angeles, Novemba 2019: mji wa mvua isiyokatika, na magari ya polisi yakipaa katikati ya maghorofa. Novemba hiyo ilifika, ikapita, na wakazi wa Los Angeles walikuwa bado wamekwama kwenye foleni. Jambo lililofanana na filamu lilikuwa likitendeka Rwanda, ambako kwa zaidi ya miaka mitatu ndege zisizo na rubani zilikuwa zikipeleka damu hospitalini.

Mhadhara huu unashikilia hoja moja. Hadithi za kubuni za kisayansi ni hodari wa kubuni chombo, lakini huduma ya kila siku husimama juu ya mambo ambayo hakuna mtunzi anayeyaandikia sura: jokofu, ghala, kanuni za anga, na mkataba unaosema nani atalipa.

Zipline, kampuni yenye makao yake California, ilizindua kituo chake cha kwanza wilayani Muhanga, Rwanda, Oktoba 2016. Daktari au muuguzi anayehitaji damu hutuma agizo kwa simu. Kituoni, mfanyakazi huitoa damu kwenye jokofu na kuipakia katika boksi la kadibodi lenye parachuti ya karatasi. Ndege ndogo yenye mabawa hurushwa kwa mtambo unaofanya kazi kama manati kubwa, ikaenda kwa mwendo wa kilomita 100 hivi kwa saa, ikiwa na mzigo usiozidi kilo mbili. Haitui hospitalini. Hushuka chini kidogo, hufungua tumbo, huliacha boksi likielea hadi kwenye kiwanja, kisha hugeuza. Ikirudi Muhanga, hunaswa na waya uliokingamishwa kati ya nguzo mbili. Manati, kadibodi, karatasi na waya: mtengenezaji wa filamu za Hollywood angeomba apewe kitu chenye mng'aro zaidi. Lakini kwa mpango huo hospitali haihitaji uwanja wa ndege, wala fundi, wala kifaa chochote zaidi ya simu.

Kwa nini damu? Kwa sababu damu ni bidhaa ngumu kuweka akiba. Chembe nyekundu hudumu wiki kadhaa kwenye jokofu, lakini chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa kawaida hudumu siku tano tu, tena zikiwa kwenye joto la chumba na zikitikiswa mfululizo. Ongeza hapo suala la makundi ya damu. Hospitali ya wilaya ikijaza jokofu, sehemu ya akiba itaharibika kabla ya kutumika. Ikiweka chupa chache, mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kukuta kundi lake halipo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health ulichunguza maagizo 12,733 yaliyopelekwa kwa ndege hizo kati ya Machi 2017 na Desemba 2019. Kwa wastani damu ilifika baada ya dakika 49.6. Muda uliookolewa ukilinganishwa na gari ulitofautiana mno: hospitali moja dakika 3 tu, nyingine dakika 211, kutegemea umbali na hali ya barabara. Waandishi wa habari hupenda hiyo 211. Takwimu nzito zaidi ni nyingine: baada ya mwaka mmoja, damu iliyokuwa ikiharibika hospitalini ilipungua kwa asilimia 67. Faida kubwa, basi, ilipatikana kwenye rafu za jokofu, kwa kuwa akiba sasa ilikaa mahali pamoja na kutolewa inapohitajika.

Tanzania nayo iliijaribu teknolojia hii, na matokeo yake yanafundisha zaidi kuliko sifa za Rwanda. Agosti 2017 ilitangazwa kwamba Zipline ingeanza kuhudumia vituo vya afya zaidi ya 1,000 nchini, Dodoma ikitangulia, mwaka 2018. Mwaka huo ulikwisha bila huduma kuanza. Lakini mwaka huohuo, katika mradi wa kampuni za Wingcopter na DHL pamoja na shirika la GIZ la Ujerumani, droni iliruka kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria, kwa dakika 40 hivi. Dawa hiyohiyo ikipita barabarani na kwenye kivuko huchukua saa sita. Chombo kilifanya kazi yake vizuri kwa miezi sita, na jaribio likaisha.

Rwanda ilikuwa na urahisi wake. Damu yake tayari ilikuwa chini ya mfumo mmoja wa taifa, serikali ilikubali kulipia kila safari, na nchi ni ndogo kiasi kwamba vituo viwili, Muhanga na Kayonza, vinafikia sehemu yake kubwa. Tanzania Bara na Visiwani ni kubwa kuliko Rwanda mara 36 hivi. Mpango wa Muhanga hauwezi kubebwa mzimamzima hadi Kigoma.

Zanzibar ilichukua njia nyingine, ya ramani za ardhi badala ya usafirishaji wa damu. Kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia walishirikiana kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni nyepesi, na miongoni mwa waliozirusha walikuwa wanafunzi wa chuo hicho. Hapo ujuzi ulibaki kwa wenyeji. Picha zinaonyesha paa moja moja, uchochoro mmoja mmoja. Kuoanisha kila paa na mwenye haki ya kiwanja ni kazi ya maofisa wa ardhi, masheha na majirani, wakiwa na mafaili mikononi.