Reli Iliyoondoka Kabla ya Korosho

Msikilizaji, Nachingwea iliwahi kuwa na treni. Ukiwaambia vijana wa bodaboda pale stendi, wapo watakaodhani unawatania. Lakini reli ilikuwapo. Ilifika mwaka 1949, ikitokea Mkwaya, karibu na Lindi.

Haikuletwa kwa ajili ya wenyeji wa hapa, Wamwera, na mihogo yao. Ilifuata karanga. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, mafuta ya kula huko yalikuwa ya mgawo, na serikali yake ikaamua Tanganyika ilimwe karanga kwa mamilioni ya ekari: Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Matrekta yakamwagwa, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Vichaka vikayashinda. Kule Kongwa jua likaukausha udongo ukawa kama saruji. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa, ukiwa umekula pauni milioni 36 hivi.

Bandari ya Mtwara, iliyokusudiwa kusafirisha karanga hizo, ilifunguliwa mwaka 1954, karanga zenyewe zimeshakuwa hadithi. Treni zikaendelea kusuasua, mzigo haba, mapato hayatoshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, kisha vyuma vikang'olewa.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Wakati vyuma vinang'olewa, mikorosho ilikuwa tayari imo ardhini. Mkorosho hauna haraka. Unakua taratibu, na mwenye kuupanda anajua anangojea miaka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000, sehemu kubwa zikitoka kusini, na gunia la Nachingwea halikuwa na behewa la kupanda. Waliopiga hesabu za reli ile walihesabu zao walilolileta wao. Zao la wenyeji hawakulipa muda.

Mkulima wa korosho anajua gharama ya kukosa reli. Amekausha, amechambua, ametenga daraja la kwanza na la pili, ameshona gunia kwa kamba ya katani na kulifikisha ghala la chama cha msingi cha ushirika. Sasa anatazama mawingu ya Novemba. Korosho ikinyeshewa inabadilika rangi, na daraja la kwanza linashuka likiwa njiani. Lori likikwama kwenye tope, hasara si ya mwenye lori peke yake. Na tukumbuke, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, aliyetaka kwenda Dar es Salaam kwa barabara alikuwa anangojea kivuko pale Rufiji.

Leo inazungumzwa reli nyingine, ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, na matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini nasikia tena habari ya mzigo mmoja mkubwa wa kuibeba reli nzima, na masikio yangu yanawasha. Makaa yakichelewa, au bei yake ikianguka duniani, treni itabeba nini?

Korosho ipo. Ufuta upo, mbaazi zipo. Wataalamu wakija kupima njia, wapitie kwanza kwenye maghala ya vyama vya msingi, Masasi, Tunduru na Nachingwea, msimu wa mnada umepamba moto. Wasimame mlangoni wahesabu magunia, na wamuulize mkulima stesheni iwekwe wapi.