Daftari la Shule ni Amana
(Mazungumzo na walimu na watumishi wa Serikali, Magu)



Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeitia nguvu: taarifa iliyotolewa kwa shughuli moja isitumiwe kwa nyingine bila ridhaa au sababu ya kisheria, na mwananchi aweza kukataa kuamuliwa na mtambo peke yake.

Basi tumwandikishapo mtoto wa mkulima wa pamba, pamoja na maradhi yake, tumekabidhiwa amana. Kuirusha orodha hiyo kwenye kundi la WhatsApp, au kuikabidhi akili mnemba ituchagulie wa kusaidiwa, ni kumsaliti mzazi aliyetuamini. Mtambo hauulizwi, ndugu zangu, tutaulizwa sisi.