MITI ILIYOKOMAA KARIBU NA NYUMBA ISIKATWE KICHWA

(Haya ni maneno ya mazungumzo kwa wenye nyumba na viwanja wa Eldoret.)



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya miti mikubwa iliyo karibu na nyumba zetu. Kupanda miti tumehimizwa sana, nasi tumepanda. Lakini ni mara chache tuambiwapo la kufanya mti ukishakuwa mrefu kuliko paa.

Hapo kale sehemu kubwa ya uwanda wa Uasin Gishu ilikuwa majani matupu. Mji wetu ulianza na posta mwaka 1910, katika shamba nambari 64, ukapewa jina la Eldoret mwaka 1912. Mikaratusi ililetwa Kenya mwaka 1902 iwe kuni za injini za reli. Migrevilea, miwati na mijakaranda nayo ilitoka ng'ambo. Basi miti mingi mirefu tuionayo hapa ilipandwa na watu, na kilichopandwa na mtu chataka kutunzwa na mtu. Mwaka 2024 Eldoret ulifanywa jiji, na mashamba ya zamani yanagawanywa kuwa viwanja vidogo. Mti ambao baba aliupanda mpakani, mbali na kila nyumba, leo umeinamia mabati ya jirani na kitanda cha mtoto wake.

Mwenye mti akiingiwa na hofu hufanya nini? Humwita kijana mwenye panga au msumeno wa injini, akamwambia, "Ukate kichwa." Mti hubaki gogo, na watu wa nyumbani hulala usingizi. Ndugu zangu, usingizi huo ni wa miaka michache tu.

Sikilizeni sababu yake. Majani ndiyo jiko la mti. Ukiyaondoa yote kwa siku moja, mti hushikwa na njaa, ukatoa machipukizi mengi kwa haraka chini ya pale ulipokatwa. Machipukizi hayo hayakushikamana na kiini cha mti, bali yameshika juu juu tu. Wakati huohuo maji na kuvu huingia katika kidonda kikubwa, na gogo huoza ndani. Baada ya miaka michache una matawi mazito yaliyosimama juu ya mti uliooza. Upepo wa masika ukija, ndiyo yaangukayo.

Pengine mtu atauliza, "Mbona mgrevilea wa shambani hukatwa kichwa kila mara, nao haudhuru?" Ni kweli. Lakini huo huanza kukatwa ungali mchanga, hukatwa tena kabla matawi hayajawa mazito, na chini yake hakuna nyumba. Samaki mkunje angali mbichi. Mti uliokomaa bila kuguswa ni jambo jingine.

Basi yafaa kufanya nini? Mti uliokomaa hupunguzwa kidogo, na mahali panapostahili. Ondoeni kwanza matawi makavu, yaliyopasuka na yasuguanayo. Majani mabichi yasiondolewe zaidi ya robo kwa mwaka mmoja, na mti mzee upunguzwe kidogo kuliko hapo. Miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari, ni mizuri kwa kazi hii, kabla ya mvua na upepo wake.

Tawi kubwa hukatwa mara tatu. Kwanza likatwe kutoka chini, kama sentimita 30 kutoka shina, msumeno uingie theluthi moja tu. Pili likatwe kutoka juu, mbele kidogo ya hapo, nalo litaanguka bila kuchuna gome la shina. Tatu kiondolewe kisiki kilichobaki. Pale tawi linapotokea shinani pana uvimbe kama kola ya shati. Kateni nje ya kola hiyo, wala msiijeruhi. Mtaalamu wa Marekani, Alex Shigo, alipasua miti mingi sana akaonyesha kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu. Hujenga ukuta kuzunguka sehemu iliyooza, na kola ni sehemu ya ulinzi huo. Alionyesha pia kwamba kupaka kidonda rangi au lami hakuzuii kuoza.

Angalieni na mizizi. Mingi iko karibu na uso wa ardhi, nayo hufika mbali kuliko kivuli cha matawi. Anayechimba msingi wa ukuta akaikata upande mmoja, ameukata mti mguu.

Ziko dalili za hatari: uyoga kwenye kitako cha shina, ufa mrefu, udongo ulioinuka upande mmoja, au mti kuanza kuinama ghafula. Mkiziona, msingoje. Mwiteni mtu aliyejifunza kazi hii. Chuo Kikuu cha Eldoret hufundisha elimu ya misitu, na maofisa wa misitu waweza kuulizwa. Fundi mwema hufika na kamba na kofia ngumu, huuzunguka mti akiutazama kabla ya kutaja bei, wala hapandi mti ulio hai kwa njumu za chuma zinazoutoboa. Akisema mara moja, "Tukate kichwa," mshukuruni, mtafute mwingine. Mti ukigusa waya za umeme, asiupande mtu. Pelekeni habari kwa kampuni ya umeme.

Iko miti isiyofaa kuachwa. Mkaratusi mkubwa uliooza kitako karibu na chumba cha kulala na uangushwe wote, baada ya kuuliza ofisini kama kibali chatakiwa, na mwingine mdogo upandwe mahali penye nafasi. Kuangusha mti kwa sababu si aibu. Aibu ni kuukata nusu, kuuacha uoze, na kumwachia mtoto wa jirani hatari hiyo.