Tenga ni Chombo, Mizani Ndiyo Kipimo

Mada iliyowasilishwa kwa wakulima wa bustani na wafanyabiashara wa mboga na matunda



Nimeombwa nizungumzie vipimo, nami naomba nianze na tenga. Pwani wanalo pakacha la makuti na kikapu cha ukindu. Huku nyanda za juu, ambako mianzi hustawi, mkulima wa bustani amezoea tenga la fito za mianzi. Maboksi ya mbao na kreti za plastiki yamekuja, lakini tenga halijatoka sokoni.

Kudumu kwake kuna sababu. Nyanya iliyokwisha kuchumwa bado inapumua na kutoa joto. Matundu ya tenga hupitisha hewa, na joto hilo halibaki ndani likaozesha mzigo. Tenga hutengenezwa na fundi wa jirani kwa panga na kisu. Ufito ukivunjika hubadilishwa huo mmoja, na chombo kikichakaa kabisa hurudi udongoni. Tangu mifuko ya kubebea ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, sifa hiyo ya mwisho imezidi kuwa na uzito.

Anayenunua tenga na achague lililosukwa kwa mianzi iliyokomaa, ya miaka mitatu hivi. Wanga ulio ndani ya mianzi huvuta wadudu watoboao. Akague kitako, kisha apitishe kiganja ndani: ncha inayokwaruza mkono itapasua nyanya. Nyasi kavu zikitandikwa chini na kandoni, mazao hayatachubuka safarini.

Hizo ndizo sifa za tenga kama chombo. Tatizo huanza linapogeuzwa kuwa kipimo.

Mimi nimelelewa kwa fedha ya nyanya. Mnunuzi alikuja shambani na matenga yake mwenyewe, na bei ilikuwa ya tenga moja. Nilipokuwa mdogo, ndoo tatu za lita 20 zililijaza. Miaka michache baadaye zikawa ndoo nne, na juu yake kukawekwa lumbesa, yaani shehena inayopita mdomo wa chombo na kufungwa kwa nyasi na kamba. Bei haikubadilika. Mama aliyatazama matenga yale, akasema yanaonekana kama ya zamani. Hakukosea sana: kwa macho yalifanana.

Hesabu inaeleza jambo hilo. Tenga lenye upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 48 huchukua lita 60 hivi. Ongeza upana sentimita nne tu na kimo sentimita tano, kiasi cha vidole viwili au vitatu, nalo litachukua lita 80. Jicho haliwezi kuona tofauti ya vidole viwili, lakini mkulima amekwisha kutoa ndoo nzima bila malipo. Katika kila matenga matatu, la nne limekwenda bure.

Ndiyo maana Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mazao yauzwe kwa uzito. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilikuwa kipimo kinachojulikana: vibaba vinne vilifanya pishi moja. Tenga halikupata kuwa na kiwango cha namna hiyo, kwa kuwa kila fundi husuka kwa mkono wake na kila mnunuzi huagiza kwa matakwa yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, naomba tuyashike haya:

Kwanza, patana bei ya kilo, si ya tenga.

Pili, pima tenga likiwa tupu, kisha likiwa limejaa, na utoe uzito wa chombo. Lililonyeshewa lipimwe likiwa na unyevu huohuo, kwa maana mianzi hunywa maji.

Tatu, hakikisha mizani ina stika ya uhakiki ya mwaka huu kutoka Wakala wa Vipimo, na kwamba inasoma sifuri kabla ya kuwekewa mzigo.

Nne, ushirika ununue mizani yake na kuiweka mahali mzigo unapokabidhiwa. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, mnunuzi atakwenda shamba la pili. Wakikataa wote, atapima.

Tano, anayelazimishwa kufungasha lumbesa atoe taarifa katika ofisi ya Wakala ya mkoa wake.

Hatuwaombi mlitupe tenga. Fundi aendelee kusuka, na nyanya ziendelee kusafiri humo zikipata hewa. Tunachoomba ni kwamba kabla halijapakiwa garini, lipite kwanza juu ya mizani.