Kushusha Ripo Zilizomo Ndani ya Ripo: Mazingira ya Visiwa vya Lamu

Git ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Sabumoduli, yaani ripo kuwekwa ndani ya ripo nyingine, ziliingia mwaka 2007 katika toleo la 1.5.3. Lawama juu yake hazijaisha hadi leo, na nyingi ni za namna moja: mtu ameshusha mradi, kafungua folda, kaikuta tupu.

Hakuna kilichopotea. Ripo mama haibebi mafaili ya ripo ndogo. Hubeba anwani yake, iliyoandikwa kwenye faili la .gitmodules, pamoja na namba ya komiti moja yenye herufi 40, inayoonyesha ni hali ipi hasa ya ripo ndogo inayotakiwa. Kwenda kuileta ni kazi yako.

Tuchukue katalogi ya miswada, kama ile ya Msikiti wa Riyadha hapa Lamu, iliyopigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Endangered Archives wa British Library. Tuseme programu ya katalogi ni ripo moja. Ndani yake mna ripo ya kuonyesha maandishi ya Kiarabu, na ndani ya hiyo mna ripo ya fonti. Ukiandika `git submodule update --init`, utapata ya pili na kukosa fonti. Ongeza `--recursive`. Au tangu mwanzo tumia `git clone --recurse-submodules`, ambayo hushuka hadi tabaka la mwisho.

Penye mtandao mzuri hilo latosha. Lakini mwenzetu wa Faza, ambaye bando limemwishia na boti yasubiri maji yajae Mkanda, afadhali abebe kazi yake kwenye flashi. `git bundle` hufunga ripo na historia yake yote kuwa faili moja. Wengi hawajui kwamba furushi hilo haliingizi sabumoduli! Kwa mfano wetu yatakiwa mafurushi matatu, yafunguliwe tabaka kwa tabaka, na kila anwani ielekezwe kwenye flashi kwa `git config`. Tena tangu Oktoba 2022, kwa sababu za usalama, Git hukataa kuvuta sabumoduli kutoka kwenye diski mpaka uiruhusu waziwazi kwa `-c protocol.file.allow=always`.

Lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, liko kwenye kupandisha. Mtu hurekebisha ripo ndogo, kisha akapandisha ripo mama peke yake. Sasa ripo mama inataja komiti iliyo kwenye kompyuta yake tu, na kila atakayeshusha atagonga mwamba, hata akitumia amri zote nilizozitaja. Dawa yake ni `git config --global push.recurseSubmodules check`: Git itagoma mpaka ripo ndogo ipandishwe kwanza. Naomba kila kompyuta iliyomo humu iwekewe mpangilio huo kabla hatujaenda kula.