Benzeni: Pete ya Kaboni Isiyofunguka Kirahisi

Jina la benzeni huenda likasikika geni, lakini asili yake haiko mbali na chetezo cha ubani. Wafanyabiashara wa Kiarabu waliuita utomvu wenye harufu nzuri, uliotoka Sumatra, "luban jawi", yaani ubani wa Java. Wazungu walipolipokea jina hilo walilikata kichwa, na baada ya mageuzi mengi likawa benzoini. Utomvu huo ulitoa asidi ya benzoiki. Katika miaka ya 1830 mkemia wa Kijerumani, Eilhard Mitscherlich, aliipasha moto asidi hiyo pamoja na chokaa, akapata kimiminika kisicho na rangi. Alikiita Benzin, jina ambalo Wajerumani hulitumia hadi leo kwa petroli. Kimiminika chenyewe kilikuwa kimekwisha kugunduliwa mjini London mwaka 1825 na Michael Faraday, katika mafuta yaliyobaki kwenye mitungi ya gesi ya taa.

Molekuli ya benzeni ina atomu 6 za kaboni na 6 za haidrojeni. Hesabu hiyo iliwatatiza wataalamu. Mnyororo wa kaboni 6 ulioshiba hubeba haidrojeni 14. Basi wenye 6 tu ungepaswa kuwa na njaa kubwa ya kuungana na vitu vingine. Lakini maji ya bromini, ambayo hupoteza rangi yakichanganywa na mafuta yasiyoshiba, hayabadiliki yakikutana na benzeni.

Mwaka 1865 August Kekulé, aliyekuwa akifundisha Ghent nchini Ubelgiji, alipendekeza kwamba kaboni hizo zimeshikana kama pete. Miaka 25 baadaye, katika sherehe mjini Berlin, alisimulia kwamba wazo hilo lilimjia alipokuwa akisinzia kando ya moto, akaona nyoka aliyeuma mkia wake.

Kekulé alichora pete yenye vifungo vya aina mbili kwa zamu, kimoja kimoja na maradufu. Mwaka 1929 Kathleen Lonsdale, akitumia miali ya eksirei mjini Leeds, alithibitisha kwamba pete hiyo ni bapa. Leo inajulikana kwamba pande zake zote 6 ni sawa, kila moja ikiwa na urefu wa nanomita 0.139. Elektroni 6 hazimilikiwi na jozi yoyote ya kaboni. Zinaizunguka pete nzima, kama mali ya shirika. Ushirika huo ndio unaoipa benzeni uthabiti wake.

Kwa hiyo benzeni haikubali kuongezewa kirahisi, ila hukubali kubadilishana: haidrojeni moja huondoka, mgeni akachukua nafasi yake, na pete ikabaki salama. Bromini huingia kwa msaada wa chuma. Asidi ya nitriki, ikichanganywa na asidi ya salfuriki, huzaa nitrobenzeni. Kutoka hapo hupatikana anilini, chanzo cha rangi nyingi za nguo na cha dawa kadhaa. Plastiki na nailoni pia hutengenezwa kwa kuanzia na benzeni.

Uthabiti huohuo ni hatari mwilini. Tolueni, ndugu yake benzeni, ina mkia mdogo ambao ini huushika na kuugeuza, kisha mabaki yakatoka kwa mkojo. Benzeni haina mkia. Ini hulazimika kuishambulia pete yenyewe, na baadhi ya mazao yake huharibu uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Katika miaka ya 1970 daktari Muzaffer Aksoy wa Istanbul alieleza jinsi washona viatu waliotumia gundi yenye benzeni walivyopata saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha benzeni hewani kinachoweza kupendekezwa kuwa salama.

Petroli nayo ina benzeni. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 1 tangu mwaka 2000. Benzeni huchemka kwenye nyuzi 80 za Selsiasi, lakini huvukiza hata kwenye joto la kawaida, na hupita pia kwenye ngozi. Fundi anayenyonya petroli kwa mpira, au anayenawa grisi kwa petroli, huikaribisha mwilini kila siku. Pampu ya mkono, sabuni na mahali penye hewa ya kutosha vinatosha kumwepusha na sehemu kubwa ya hatari hiyo.