Kidonda Kidogo cha Mafuta ya Mashine

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

Leo tunazungumza juu ya mashine zinazoinua mizigo kwa nguvu ya mafuta. Tunaziona zikipakia miwa kwenye matrela huko Awendo na Ndhiwa. Kwenye majengo kuna zile zenye mkono wa chuma unaorefuka. Pengine baba watoto au kijana wako anafanya kazi hapo.

Mashine hizi hufanya kazi kama jeki ya gari. Pampu husukuma mafuta kwenye mipira, nayo mafuta huinua mkono. Kuna vali ya usalama inayopunguza presha ikizidi, na kengele inayoonya kabla mashine haijapinduka. Kwa nini ipinduke? Shika ndoo ya maji karibu na kifua, kisha uishike ukiwa umenyoosha mkono. Maji ni yale yale, lakini utashindwa. Mkono wa mashine ukirefuka, mzigo lazima upungue.

Vali na kengele hurekebishwa na fundi aliyefunzwa, kwa geji ya presha na mzigo wa uzito unaojulikana. Mtu akikaza vali ili mashine ibebe zaidi, mpira waweza kupasuka. Akizima kengele, mashine yaweza kumwangukia mtu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mashine za kuinua mizigo zinakaguliwa. Muulize mtu wako: kengele inalia? Ilipimwa lini?

Sasa, mama, sikiliza vizuri. Mpira ukiwa na tundu dogo, mafuta hutoka kwa nguvu sana na huweza kupenya ngozi. Ndiyo maana hatutafuti mahali panapovuja kwa kidole. Mashine huzimwa, presha hutolewa, ndipo mpira hukaguliwa.

Aliyeingiwa na mafuta atarudi nyumbani na alama ndogo kama ya kudungwa sindano. Mwanzoni huenda asisikie maumivu makali. Atasema, "Si kitu." Lakini ndani mafuta yanaharibu nyama na mishipa. Baadaye mkono huvimba na kufa ganzi. Akichelewa, anaweza kukatwa kidole au mkono.

Usikamue, usikande kwa maji moto, usifunge kamba. Mvue pete, auinue mkono, na asile wala kunywa, kwa maana huenda akapasuliwa. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, kwa mfano hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Migori au Homa Bay. Mwambie daktari wazi: "Ameingiwa na mafuta ya presha." Eleza ni mafuta gani na yalimwingia saa ngapi. Usingoje asubuhi.

Na watoto je? Wasiokote miwa karibu na mashine, wala wasicheze chini ya trela iliyoinuliwa. Mafuta yakivuja, trela hushuka ghafla. Hata fundi haingii chini yake kabla ya kuweka kizuizi cha chuma.

Kumbuka mambo matatu: kengele isizimwe, mtoto asikaribie mashine, na kidonda cha mafuta ya presha ni cha hospitali leo, si kesho.

Mweleze na jirani yako.

(Muziki.)